Eneo bunge lako la Minnesota: lijue, litumie, lipigie kura

Novemba 2024, wakazi wa Brooklyn Park na Osseo, miji iliyo kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, walimchagua Huldah Momanyi-Hiltsley kuwa mwakilishi wao katika bunge la jimbo la Minnesota, eneo bunge la 38A. Ni mzaliwa wa Kenya, na furaha ilikuwa kubwa, huku Marekani na kule nyumbani. Mkanganyiko nao haukukosa. Wapo waliodhani amekwenda Washington. Wapo walioanza kuulizana iwapo sasa viza za jamaa zao zitatoka upesi.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayeishi Minnesota, awe ametoka Kisii, Arusha, Bukavu au Bujumbura, awe raia au hajawa raia. Anayeishi jimbo jingine la Marekani atafaidika na mpangilio wa hatua, lakini tarehe na sheria aziulizie kwao, maana kila jimbo lina zake.

Hatua ya kwanza: jua uko eneo gani

Minnesota imegawanywa katika maeneo 67 ya Seneti. Kila eneo la Seneti limekatwa mara mbili, A na B, na kila nusu inamchagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo wajumbe ni 134 na maseneta ni 67. Ukishajua kwamba uko 38A, umekwisha kuwajua wawili: mwakilishi wa 38A na seneta wa 38, ambaye tangu uchaguzi wa 2022 ni Susan Pha. Mwakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Seneta kwa kawaida hukaa miaka minne, ila mara moja katika kila muongo hukaa miwili ili uchaguzi uendane na mipaka mipya.

Usikisie kwa jina la mji. Brooklyn Park, kwa mfano, haimo yote katika 38A. Sehemu yake nyingine iko 34B. Majirani wanaotenganishwa na barabara moja wanaweza kuwa na wawakilishi tofauti. Tovuti ya Bunge la Minnesota ina ukurasa unaoandika humo anwani yako ya nyumbani, nao unakuonyesha wabunge wako wote kwa pamoja, wa jimbo na wa Washington. Andika namba ya eneo lako mahali utakapoiona, kwa sababu utaulizwa kila utakapopiga simu.

Mipaka ya sasa ilichorwa na jopo la majaji Februari 2022, baada ya wanasiasa kushindwa kukubaliana, na itabaki hadi baada ya sensa ya 2030. Kila eneo la mwakilishi lilikusudiwa kuwa na watu wapatao 42,586. Hao ni watu, si wapiga kura. Mtoto wa chekechea amehesabiwa, mwenye kadi ya kijani amehesabiwa, na anayesubiri hifadhi amehesabiwa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ofisi ya mwakilishi haikuhusu kwa kuwa huna uraia. Kiti hicho kimepimwa na wewe ukiwa ndani yake.

Hatua ya pili: peleka shida yako mlango unaostahili

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapopotezea muda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Viza, hifadhi, uraia, faili la uhamiaji lililokwama: hayo ni ya serikali ya taifa. Mlango wake ni ofisi ya mbunge wako wa Washington au mmojawapo wa maseneta wawili wa Marekani wanaowakilisha Minnesota. Ofisi hizo zina watu wa kufuatilia mafaili ya namna hiyo. Mwakilishi wa 38A, hata akiwa mtoto wa shangazi yako, hana amri yoyote juu ya ubalozi wa Nairobi.

Shimo la barabarani mtaani, takataka, polisi wa mji: nenda baraza la mji. Maombi ya msaada wa chakula na kodi ya nyumba yako ya kumiliki: nenda kaunti, ambayo kwa Brooklyn Park ni Hennepin.

Mwakilishi wa jimbo anashika nini basi? Fedha za shule, leseni za udereva, sheria za mpangaji na mwenye nyumba, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo iliyoanza Januari 2026, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, na kanuni za nyumba za kulelea wazee na walemavu. Hilo la mwisho liangalie vizuri. Wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba hizo, na wengine ni wenye leseni za kuziendesha. Viwango vya malipo, masharti ya leseni, ukaguzi, yote yanapitia St. Paul, mji mkuu wa jimbo, kabla ya kufika kwenye zamu yako ya usiku.

Kama unataka kuona uzito wa kura moja ya bunge hili, tazama MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2023 bunge liliamua kwamba watu wasio na hati za uhamiaji wataruhusiwa kujiunga na bima hiyo, na mlango ukafunguliwa Januari 2025. Miezi michache baadaye, katika mapatano ya bajeti, watu wazima wasio na hati wakaondolewa tena kuanzia mwisho wa 2025; watoto wakaachwa. Katika Baraza la Wawakilishi muswada huo ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65, na 68 ndiyo idadi ya chini kabisa inayohitajika kupitisha sheria humo. Ingepungua moja tu, ungeanguka. Hakuna mtu wa Washington aliyehusika na uamuzi huo.

Na kwa ndugu zangu Wakenya: mwakilishi huyu hana CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge. Hana mfuko wa kulipa karo, hatoi basari, na hategemewi kufika kwenye harambee na bahasha. Sheria za Minnesota zinabana hata zawadi ambazo washawishi wa kulipwa wanaweza kuwapa wabunge. Anachoweza kukupa ni muswada, marekebisho ya muswada, barua kwa idara ya serikali ya jimbo, na simu ambayo idara hiyo italazimika kuipokea.

Hatua ya tatu: itumie ofisi yake

Bunge huketi St. Paul kuanzia Januari katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na kwa desturi Februari katika miaka mingine, na kwa katiba lazima limalize Mei. Mwaka usiogawanyika ndio wa bajeti ya miaka miwili. Ukitaka jambo liingie kwenye sheria, usisubiri Aprili. Kamati zina tarehe za mwisho za kusikiliza miswada, na muswada uliopitwa na tarehe hizo huwa umelala. Miezi mizuri ya kuomba kikao ni Septemba hadi Desemba, mbunge akiwa nyumbani na ana nafasi ya kusikiliza.

Wakati wa vikao, ukipiga simu huenda ukapokewa na msaidizi ambaye anahudumia zaidi ya mbunge mmoja. Usimdharau. Ndiye anayeshika kalenda. Mwambie mambo haya kwa mpangilio huu: jina lako, kwamba unaishi ndani ya eneo hilo na anwani yako, jambo moja unalolitaka, na idara au muswada unaohusika. Sisi tumelelewa kuanza na salamu ndefu na historia ya ukoo, na ni adabu nzuri, lakini barua pepe ya kurasa tatu inasomwa aya ya kwanza tu. Weka ombi lako juu. Habari za nyumbani utampa mkikutana.

Shida ikiwa na idara ya jimbo, kwa mfano leseni ya uuguzi iliyochelewa au malipo yaliyosimama, ambatisha namba ya faili na tarehe za barua ulizoandika. Ukisema tu kwamba "wamenisumbua sana", msaidizi hana pa kuanzia.

Unaweza pia kutoa ushuhuda mbele ya kamati, na huhitaji kuwa raia. Ratiba za kamati hutangazwa kwenye tovuti ya Bunge. Unamwandikia msaidizi wa kamati kabla ya muda uliotajwa kwenye tangazo, unataja namba ya muswada na kama unauunga mkono au unaupinga. Utapewa dakika mbili au tatu, basi. Dakika mbili ni maneno kama 250 ukisema taratibu. Yaandike, uyasome nyumbani kwa sauti, ukate sehemu uliyomsifu mwenyekiti. Kinachowagusa wanakamati ni jambo ulilolishuhudia kwa macho: mgonjwa mmoja, zamu moja, barua moja ya kukataliwa. Ukiwa kazini siku hiyo, tuma ushuhuda wa maandishi. Huwekwa kwenye kumbukumbu za kamati.

Hatua ya nne: jiandikishe, au hakikisha hujaandikishwa

Anayeruhusiwa kupiga kura ni raia wa Marekani, mwenye miaka 18 siku ya uchaguzi, aliyeishi Minnesota angalau siku 20. Tangu Juni 2023, aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa anaweza kupiga kura mradi hayuko gerezani kwa sasa. Vijana wa miaka 16 na 17 ambao ni raia wanaweza kujiandikisha mapema, wakasubiri kutimiza umri.

Kama si raia, soma aya hii mara mbili. Tangu Oktoba 2023 Minnesota inatoa leseni ya udereva bila kuangalia hali ya uhamiaji, na jimbo pia lina utaratibu wa kuandikisha wapiga kura moja kwa moja kupitia maombi ya leseni. Utaratibu huo umekusudiwa kuchukua raia tu, lakini makosa ya karatasi hutokea. Kuwa na leseni si kuwa mpiga kura. Kadi ya kijani haikupi kura. Usitie alama kwenye kisanduku cha uraia kwa haraka, na usisaini fomu uliyowekewa mbele ya duka na kijana mwenye tabasamu kabla hujaisoma. Ukiletewa barua inayosema unaandikishwa, usiitupe: jibu kwamba hustahili, tunza nakala, kisha umwone wakili wa uhamiaji. Kujidai raia kwenye fomu ya kura, hata kwa kutojua, kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukurudisha kwenu.

Kwa raia, mambo ni mepesi kuliko karibu jimbo lolote. Unaweza kujiandikisha kwa intaneti au kwa fomu hadi siku 21 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, unajiandikisha siku yenyewe ya kura, kwenye kituo chako; Minnesota imeruhusu hivyo tangu miaka ya 1970. Beba leseni yenye anwani ya sasa. Ikiwa umehama na leseni ina anwani ya zamani, beba pamoja nayo bili ya umeme, taarifa ya benki au mkataba wa upangaji wenye anwani mpya. Huna karatasi yoyote? Mpiga kura aliyeandikishwa katika mtaa huohuo wa kura anaweza kula kiapo kwamba wewe unaishi hapo. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwaapia wanane. Aliyeapiwa siku hiyo haruhusiwi kumwapia mwingine.

Na hapa kuna jambo ambalo wafanyakazi wa nyumba za malezi hawaambiwi vya kutosha. Mfanyakazi wa makao hayo anaweza kuwaapia wakazi wote wanaostahili, bila kikomo cha wanane, akionyesha uthibitisho kwamba anafanya kazi hapo. Mzee wa miaka 80 asiye na leseni wala bili anapiga kura kwa kiapo cha anayemhudumia. Zungumza na msimamizi wako wiki kadhaa kabla, si asubuhi ya siku hiyo.

Hatua ya tano: usisubiri Novemba

Katika mwaka wa uchaguzi, mambo huanza Februari. Vyama vikubwa, yaani DFL, ambacho ndicho Democratic ya huku, na Republican, huitisha mikutano ya mtaa jioni moja, mara nyingi katika shule. Wanaohudhuria huwa wachache. Humo ndimo wanamochaguliwa wajumbe watakaokwenda kwenye mkutano wa eneo kumwidhinisha mgombea. Katika DFL anahitaji asilimia 60 ya wajumbe. Ukiingia na majirani kumi, mnaweza kuwa nusu ya chumba. Hakuna jioni nyingine katika mwaka mzima ambapo kelele yako ina thamani kiasi hicho.

Kisha kura za mchujo, Jumanne ya pili ya Agosti. Mwaka 2026 ni tarehe 11 Agosti, na uchaguzi mkuu ni tarehe 3 Novemba, ambapo viti vyote 201, vya wawakilishi na maseneta, vinapigiwa kura. Maoni yangu ni haya: katika maeneo ambayo chama kimoja kina nguvu sana, na 38A ni mojawapo, mbunge hupatikana Agosti, na Novemba ni kumthibitisha. Nusu ya jamaa zetu Agosti wako Kenya au Tanzania kwa likizo. Kura za mapema hufunguliwa siku 46 kabla, na huhitaji kutoa sababu. Piga kabla ya kupanda ndege.

Karatasi ya mchujo ina mtego. Huku hakuna kujiandikisha kwa chama, na hakuna atakayekuuliza wewe ni wa chama gani. Lakini karatasi ina safu mbili, kila chama na yake, na lazima ubaki kwenye safu moja kuanzia juu hadi chini. Ukimpenda mmoja huku na mwingine kule, kura zako za vyama zinaharibika zote.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Aliye kwenye foleni saa mbili ana haki ya kupiga kura hata foleni ikichukua saa nzima. Mwajiri analazimika kukuruhusu uende bila kukukata mshahara. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, ingia na mtu wako wa kukusaidia hadi kwenye kibanda. Yeyote isipokuwa mwajiri wako, mtu aliyetumwa naye, au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi.

Hatua ya saba: fuatilia hesabu

Wanaosema kura moja haina maana, waulize kuhusu 54A, kule Shakopee. Mwaka 2024 Brad Tabke alishinda kwa kura 14. Ikagundulika kwamba kura 20 za mapema hazikuhesabiwa na hazikupatikana tena. Kesi ilikwenda mahakamani na jaji akaacha ushindi usimame. Pengo likiwa chini ya nusu ya asilimia moja, aliyeshindwa kiti cha bunge la jimbo anaweza kuomba kura zihesabiwe upya kwa gharama ya umma.

Uchaguzi huohuo uliacha Baraza la Wawakilishi likiwa 67 kwa 67. Kwa wiki kadhaa wajumbe wa DFL hawakuingia ukumbini, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua Januari 2025 kwamba akidi ni watu 68, na Februari vyama vikakubaliana kugawana madaraka, Lisa Demuth wa Republican akiwa spika. Viti viwili vitatu ndivyo vilivyoamua nani ataongoza kamati gani.

Hatua ya nane: kama unataka kugombea mwenyewe

Masharti ni machache. Uwe mpiga kura halali, utimize miaka 21 ifikapo siku ya kuingia ofisini, uwe umeishi Minnesota mwaka mmoja na ndani ya eneo hilo miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu. Fomu hupokelewa kwa wiki mbili tu. Kwa 2026 ni tarehe 19 Mei hadi 2 Juni, na ada ni dola 100. Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 750, una siku 14 za kusajili kamati yako kwenye bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni.

Hiyo miezi sita si ya mzaha. Curtis Johnson wa DFL alishinda 40B kwa urahisi mwaka 2024. Mpinzani wake akaenda mahakamani akidai kwamba nyumba ya kupanga aliyoitaja ndani ya eneo haikuwa makazi yake, na jaji akakubali. Johnson hakuingia bungeni kabisa. Uchaguzi mdogo ulifanyika Machi 2025, David Gottfried akakichukua kiti. Hamia kweli, lala humo, lipia umeme humo.

Kuhusu michango, waambie wafuasi mapema: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia fedha, asiye nayo na si raia haruhusiwi hata dola moja. Kubisha hodi mlango kwa mlango, kupika chai ya wapiga debe na kupiga simu bila malipo, hayo kila mtu anaruhusiwa. Na ujue unachokwenda kupata: mshahara wa mbunge uliwekwa dola 51,750 kwa mwaka mwaka 2023, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine.

Kiti kikibaki wazi

Mbunge akifa, akijiuzulu au akiondolewa, gavana hutangaza uchaguzi mdogo, na muda huwa mfupi. Juni 14, 2025, Melissa Hortman, kiongozi wa DFL aliyewakilisha 34B, aliuawa nyumbani kwake Brooklyn Park pamoja na mumewe. Mchujo wa kumtafuta mrithi ulifanyika Agosti, na Septemba 16 Xp Lee akachaguliwa. Tangazo la uchaguzi wa namna hii halina kelele za uchaguzi mkuu: mabango ni machache, na anayepokea kadi ya posta huitupa pamoja na matangazo ya pizza. Tovuti ya Katibu wa Jimbo ndiyo inayoweka tarehe, na ofisi ya uchaguzi ya kaunti ndiyo itakayokutumia karatasi ya kura ukiiomba. Iombe siku unaposikia habari, maana karatasi hiyo inapaswa kurudi kwao kabla ya vituo kufungwa.